Amplifaya Huanza Kazi Kabla ya Sauti Kufika

Amplifaya yangu ya kwanza ilikuwa na transista moja, rezista nne na kapasita tatu, na haikutoa chochote isipokuwa mkwaruzo hafifu, kama mtu anayezungumza chumba cha pili huku amejifunika blanketi. Nilikuwa nimeufuata mchoro hatua kwa hatua, nikahesabu vipande mara mbili, nikabadilisha betri, nikabadilisha hata spika za masikioni, na kila nilichobadilisha kiliniacha pale pale. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba nilikuwa nikiihangaikia sauti, ilhali saketi yenyewe haikuwa imekaa sawa hata kabla sauti haijaingia. Hali hiyo ya saketi ikiwa imetulia, pasipo kitu kuingia wala kutoka, ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu wengi tunaoanza huipita haraka tukikimbilia kusikia muziki.

Neno lenyewe la kukuza sauti hupotosha kidogo. Mtu akilisikia hudhani kwamba sauti dhaifu huingia upande mmoja wa saketi, hunenepeshwa humo ndani, kisha hutoka upande wa pili ikiwa kubwa. Hakuna kinachonenepa. Nguvu yote inayotikisa spika hutoka kwenye betri, na yale mabadiliko madogo ya volteji yanayobeba sauti, ambayo kuanzia hapa nitayaita ishara, kazi yake ni kuamua tu ni kiasi gani cha umeme wa betri kipite kila wakati. Fikiria lango la mbao kwenye mfereji wa kumwagilia shamba: mtoto anaweza kulinyanyua na kulishusha kwa mkono mmoja, na maji yanayopita chini yake yakawa na nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Sasa ongeza sharti moja. Ikiwa mtoto huyo anataka maji yafuate kila mwendo wa mkono wake, juu na chini, lango haliwezi kuanza likiwa limefungwa kabisa, kwa maana mkono ukishuka hakutakuwa na kitu cha kupunguza. Wala haliwezi kuanza likiwa wazi kabisa. Ni lazima lianze likiwa limefunguliwa kiasi, na kiasi hicho ndicho kinachopangwa na rezista.

Rezista ni kipande kinachozuia mkondo wa umeme kwa kiwango kinachojulikana, na kanuni inayokiongoza ni ile iliyochapishwa na Georg Ohm, mwanafizikia wa Ujerumani, mwaka 1827: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Wengi huikariri kanuni hiyo shuleni na kuisahau, lakini ukiitumia mara moja kwa mkono wako huwa haitoki tena. Chukua betri ya volti 9 na taa nyekundu ya LED, ambayo ikiwaka hushika takriban volti 2. Volti 7 zinazobaki ni lazima zimezwe na rezista. Ukitaka mkondo wa miliampea 15, ambazo ni ampea 0.015, gawa 7 kwa 0.015 upate karibu omu 467, kisha chukua rezista ya omu 470 kwa kuwa ndiyo thamani inayotengenezwa iliyo karibu zaidi.

Matumizi hayo ya kuzuia mkondo usizidi ndiyo ambayo kila mtu huanza nayo. Katika amplifaya, hata hivyo, rezista ina kazi ya pili ambayo kwangu ndiyo yenye uzito: hubadilisha mkondo kuwa volteji. Mkondo ukiongezeka ndani ya rezista, volteji inayopotea kati ya miguu yake miwili huongezeka kwa uwiano uleule. Transista hucheza na mkondo, na pasipo rezista ya kuugeuza mkondo huo kuwa volteji, hutakuwa na ishara ya kupeleka hatua inayofuata.

Kuhusu mistari ya rangi nitasema kidogo tu. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Kwa rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, na wa mwisho, ambao mara nyingi ni wa dhahabu, unaonyesha kwamba thamani inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Chini ya taa ya manjano, nyekundu na rangi ya chungwa hufanana mno, na tofauti yake ni ile ya omu 1,000 na omu 10,000. Siku hizi sisomi rangi nikiwa na mita ya umeme karibu, naipima.

Kapasita huhifadhi chaji, lakini katika saketi ya sauti ni rahisi zaidi kuielewa kama mlinzi wa mlangoni. Volteji iliyotulia haipiti, na volteji inayobadilikabadilika hupita. Mlinzi huyu ana thamani kubwa katika amplifaya, kwa sababu kila hatua ya saketi ina volteji yake ya utulivu ambayo haipaswi kuvurugwa na jirani, ilhali ishara inapaswa kupita kutoka hatua moja hadi nyingine. Kadiri kapasita inavyokuwa ndogo, ndivyo sauti nzito zinavyozidi kuzuiwa, kwa hiyo amplifaya yenye sauti nyembamba isiyo na kifua mara nyingi ina kapasita ndogo kupita kiasi mahali fulani katika njia ya ishara.

Kapasita ndogo za kauri hazina upande chanya wala hasi, na thamani yake huandikwa kwa fumbo fupi: 104 maana yake ni 10 ikifuatwa na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000, ambazo ni nanofaradi 100. Zile za mviringo zenye ganda la alumini, zinazopimwa kwa maikrofaradi, zina mstari uliochorwa ubavuni kuonyesha mguu hasi, na mguu chanya huwa mrefu zaidi kabla haujakatwa. Niliwahi kuigeuza moja. Kwa sekunde chache haikufanya kitu, kisha ikapata joto, kichwa chake kikavimba pale penye mikato, na ikapasuka kwa kishindo kidogo kilichoacha harufu kali chumbani na vipande vya karatasi iliyolowa juu ya meza. Ile mikato ya kichwani iko pale makusudi, ili mvuke utoke juu badala ya ganda zima kuruka, na tangu siku hiyo siinamishi uso juu ya saketi ninapowasha kwa mara ya kwanza.

Diodi hupitisha umeme upande mmoja, na kwa diodi ya silikoni huanza kupitisha kwa wingi pale volteji kati ya miguu yake inapofika karibu 0.65. Namba hiyo ishike, kwa sababu inarudi sasa hivi.

Transista ya kwanza iliundwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwezi Desemba mwaka 1947, na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi hiyo. Transista ndogo ya kawaida ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Kati ya besi na emita kuna kitu kinachofanya kazi kama diodi, ndiyo maana besi hukaa juu ya emita kwa zile volti 0.65 transista inapofanya kazi. Mkondo mdogo unaoingia besi huruhusu mkondo mkubwa zaidi kupita kutoka kolekta hadi emita, na uwiano wa mikondo hiyo miwili huitwa beta.

Hapa ndipo vitabu vingi vya wanaoanza vinapokosea njia kwa maoni yangu, kwa kuifanya beta ionekane kama sifa ya kutegemea. Chukua BC547, transista inayopatikana karibu kila droo ya fundi. Mtengenezaji wake anaruhusu beta iwe popote kati ya 110 na 800, kutegemea herufi inayofuata namba. Transista mbili zenye jina lilelile zinaweza kutofautiana mara kadhaa, na hiyo hiyo moja hubadilika ikipata joto. Saketi inayotegemea beta kamili itafanya kazi leo kwenye meza yako na kugoma kesho kwenye meza ya mwenzako. Saketi nzuri hupangwa ili beta iwe kubwa vya kutosha, na baada ya hapo isiwe na neno.

Sasa tuijenge. Betri ni ya volti 9. Rezista ya kilo-omu 47, yaani omu 47,000, inatoka upande chanya hadi besi, na rezista ya kilo-omu 10 inatoka besi hadi upande hasi. Rezista hizi mbili hugawana volti 9 kwa uwiano wa ukinzani wake, kwa hiyo besi hupata 9 mara 10 gawanya kwa 57, ambayo ni karibu volti 1.58. Mkondo unaopita humo ni takriban maikroampea 158, yaani miliampea 0.158, ilhali besi yenyewe huhitaji maikroampea tano hivi ikiwa beta ni 200, kwa hiyo inachochukua ni kidogo mno kuweza kuiyumbisha volteji hiyo. Emita hukaa chini ya besi kwa volti 0.65, yaani karibu volti 0.93. Kati ya emita na upande hasi tunaweka rezista ya kilo-omu 1, na hivyo mkondo wa emita hauna hiari: ni lazima uwe karibu miliampea 0.93. Karibu mkondo huohuo ndio unaopita kwenye kolekta, na kati ya kolekta na upande chanya tumeweka rezista ya kilo-omu 4.7, inayomeza karibu volti 4.4. Kolekta inabaki na volti 4.6 hivi.

Tazama tulipofika. Kolekta imesimama karibu katikati ya volti 9, na beta haikuingia popote katika hesabu isipokuwa kwa kuthibitisha kwamba haina neno. Lango la mfereji limefunguliwa nusu. Sauti haijafika bado, na kazi kubwa ya amplifaya imekwisha kufanyika.

Ishara huingizwa kwenye besi kupitia kapasita ya maikrofaradi 10, ili kifaa kinacholeta sauti kisiivute ile volti 1.58 chini. Tuseme ishara imeinua besi kwa milivolti 10. Emita nayo huinuka kwa karibu milivolti 10, kwa sababu ile tofauti ya 0.65 haibadiliki sana. Milivolti 10 juu ya kilo-omu 1 ni maikroampea 10 zaidi za mkondo, na maikroampea hizo 10 zikipita kwenye kilo-omu 4.7 humeza milivolti 47 zaidi, kwa hiyo kolekta hushuka kwa milivolti 47. Ishara imekuzwa mara 4.7, ambayo ni uwiano tu wa rezista ya kolekta kwa rezista ya emita, na imepinduka: besi ikipanda, kolekta inashuka. Sikio halijali kupinduka huko. Kapasita ya pili, nayo ya maikrofaradi 10, huitoa ishara kwenye kolekta na kuziacha zile volti 4.6 nyuma.

Mara 4.7 ni kidogo, na hapo ndipo kapasita ya tatu inapoingia, ya maikrofaradi 100, ikiwekwa sambamba na rezista ya emita, mguu wake hasi ukielekea upande hasi wa betri. Kwa volteji iliyotulia, kapasita hiyo ni kama haipo, kwa hiyo hesabu zote za utulivu hubaki vilevile. Kwa ishara, huifungulia njia ya mkato kupita pembeni ya kilo-omu 1. Kinachobaki kuizuia ishara ni ukinzani wa ndani wa transista, unaopatikana kwa kugawa milivolti 26 kwa mkondo wa emita, na kwa mkondo wetu ni omu 28 hivi. Gawanya 4,700 kwa 28 na ukuzaji unaruka hadi karibu mara 168.

Ruko hilo lina gharama yake. Ule ukinzani wa ndani hautulii. Hubadilika kila mkondo unapobadilika, na ishara ikizidi milivolti chache mawimbi huanza kupotoka upande mmoja kuliko mwingine. Zaidi ya hapo kuna ukuta: kolekta haiwezi kupanda zaidi ya volti 9 wala kushuka chini ya volti 1 na kitu, na wimbi likigonga ukuta hukatwa kichwa na sauti hukwaruza. Mikrofoni ndogo inayotoa milivolti chache itaifurahia amplifaya hii. Simu inayotoa mamia ya milivolti kwenye tundu la spika za masikioni itaifanya ipige kelele, na mwenye simu atadhani transista imeungua.

Nirudi kwenye saketi yangu iliyogoma. Baada ya kukubali kwamba nipime badala ya kubahatisha, niliondoa ishara kabisa, nikaweka ncha nyeusi ya mita kwenye upande hasi wa betri, nikagusa miguu ya transista mmoja baada ya mwingine kwa ncha nyekundu. Kwenye rezista ya emita, mahali nilipotarajia karibu volti 0.9, nilikuta 0.3 na ushei. Kwenye rezista ya kolekta nilikuta zaidi ya volti 7 badala ya 4.6. Besi ilikuwa karibu volti 1, chini ya inavyopaswa, dalili kwamba ilikuwa ikinyonya mkondo mwingi kupita kiasi. Transista ilikuwa hai, lakini ikifanya kazi kama mtu anayevuta mkokoteni kwa kurudi nyuma.

Mchoro ulitaka BC547. Mimi nilikuwa na 2N3904, ambayo kwa kazi hii inafaa kabisa, na nikaichomeka kwa mpangilio uleule. Ukiishika BC547 upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto utakuta kolekta, besi, emita. Ukiishika 2N3904 vivyo hivyo, utakuta emita, besi, kolekta. Besi iko katikati katika zote mbili, ndiyo maana saketi haikufa kabisa. Kolekta na emita ndizo zilizobadilishana nafasi, na transista iliyogeuzwa hivyo ina beta ndogo sana. Niliizungusha nusu duara, na vipimo vyote vitatu vikakaa mahali pake kabla sijarudisha waya wa sauti.

Vipimo hivyo vitatu husema mengi zaidi. Kolekta ikisoma volti 9 kamili, hakuna mkondo unaopita, na mara nyingi ni kwa sababu besi haipati volteji yake au waya wa emita umeachia. Kolekta na emita zikisoma karibu sawa, transista imefunguka kabisa, na mtuhumiwa wa kwanza ni ile rezista ya kilo-omu 10 ya besi ambayo haijaunganika. Besi ikiwa juu ya emita kwa zaidi ya volti 1, kiungo cha ndani kati ya miguu hiyo kimekatika, na transista hiyo ni ya kutupwa.

Amplifaya ikishafanya kazi, kila mtu hutaka kuifunga spika, nami nilifanya hivyo pia, nikavunjika moyo. Spika ya kawaida ina omu 8. Ukiiunganisha kwenye kolekta kupitia kapasita, ishara haioni tena kilo-omu 4.7; inaona omu 8, na 8 gawanya kwa 28 ni chini ya theluthi moja. Amplifaya imegeuka kuwa kipunguza sauti. Saketi yetu inakuza volteji, lakini mkondo wake wa utulivu haufiki hata miliampea 1, na spika inahitaji mkondo mara nyingi zaidi ya huo.

Njia rahisi ya kuvuka hapo ni IC, yaani saketi nzima iliyofungwa ndani ya kipande kimoja, iitwayo LM386, yenye miguu minane na iliyotengenezwa kwa ajili ya spika ndogo na betri. Ndani yake kuna transista za kutolea sauti zinazopokezana, moja ikisukuma mkondo na nyingine ikiuvuta. Mguu wa 6 hupokea volti 9, mguu wa 4 huenda upande hasi, na mguu wa 2 nao hufungwa upande hasi. Ishara huingia mguu wa 3 kupitia kidhibiti sauti cha kilo-omu 10, na spika huunganishwa mguu wa 5 kupitia kapasita ya maikrofaradi 220 au zaidi. Ikiachwa hivyo hukuza mara 20. Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8 hufika mara 200, jambo ambalo sikushauri ulifanye siku ya kwanza. Rezista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 47 kutoka mguu wa 5 hadi upande hasi huizuia isilie mluzi usiosikika ambao huipasha moto bure.

Weka pia kapasita ya maikrofaradi 100 au zaidi kati ya mguu wa 6 na wa 4, karibu kabisa na IC. Betri ndogo ya volti 9 huchoka kila spika inapodai mkondo wa ghafla, volteji hushuka, mshuko huo huingia tena kwenye saketi kama ishara, na amplifaya huanza kudunda yenyewe, tuku, tuku, tuku, kama boti ya injini inayotoka gatini. Ukisikia mdundo huo usitafute kosa kwenye waya wa sauti.

Kabla ya kufunga spika, pima mguu wa 5. LM386 hujipanga yenyewe ili mguu huo ukae nusu ya volteji ya betri, kwa hiyo betri mpya inapaswa kukupa karibu 4.5. Ukikuta karibu 0 au karibu 9, zima kwanza na ukague miguu. Ukikuta 4.5, funga spika, fungulia kidhibiti sauti hadi mwisho, kisha ukiwa unatumia betri pekee, shika chuma cha bisibisi kwa vidole na uguse kwa ncha yake mahali ambapo ishara ingeingia. Spika itanguruma kwa sauti nzito isiyobadilika. Mngurumo huo ni wa umeme wa nyaya zilizo ukutani, uliodakwa na mwili wako.